MREJESHO: Ile kliniki ya chanjo za safari imekaguliwa

Wakuu habari zenu, mwezi uliopita niliwauliza kama niripoti ile kliniki binafsi huku Kinondoni, nilimpeleka mdogo wangu kuchoma homa ya manjano aende Kampala, nesi akavuta dozi kwenye kichupa cha chanjo ya unga kilichochanganywa na maji yake tangu saa mbili asubuhi na hapo ni saa kumi jioni, wakati ikishachanganywa mwisho masaa 6. Mliniambia nisikae kimya, nikaandika malalamiko.

Juzi afisa aliyeyapokea kanipigia, wakaguzi walitinga bila taarifa wakaenda moja kwa moja kwenye friji. Inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, kipimajoto kinasoma 13, halafu ile karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni imeshajazwa mpaka Ijumaa ijayo, yaani wameandika joto la siku ambazo hazijafika! Iliniuma sana, watu wanalipa hela zao pale.

Chanjo zimesimamishwa mpaka warekebishe. Dogo kachomwa upya kwingine, kadi ya njano (cheti cha chanjo hiyo cha kuonyesha mpakani) inaanza kutambulika baada ya siku 10 kwa hiyo safari tumeisogeza. Mara hii nesi kafungua kichupa mbele yetu, akaandika saa kwa peni. Asanteni sana.