Konokono wananimalizia mchicha, nifanyeje?

MchichaTanga: Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, nina matuta ya mchicha na figili nyuma ya nyumba. Tangu masika ianze, konokono wale wakubwa wenye ganda la kahawia hawaniachii kitu. Jioni naacha miche imesimama, asubuhi nakuta vijiti na ute. Nilizungushia majivu, mvua ya usiku mmoja ikayasomba. Jirani anasema nimwage chumvi. Nina kuku na mbwa. Nisaidieni.

Jembe Kuukuu: Chumvi achana nayo kabisa mkuu, tuta litakuja kugoma kuotesha. Majivu nayo yanafaa yakiwa makavu tu. Siku zisizo na mvua unamwagilia saa ngapi?

MchichaTanga: Jioni, nikitoka kazini.

Jembe Kuukuu: Ndiyo unawaandalia karamu! Hao hutembea usiku na hupenda unyevu. Mwagilia alfajiri, usiku ukiingia juu pawe pameshakauka.

Bi Mwasiti: Mwanangu, tafuta gunia kuukuu, liloweshe, jua likizama litandaze kando ya tuta, chini yake weka maganda ya papai. Asubuhi mapema linyanyue, utawakuta wamejazana. Watie kwenye ndoo ya maji ya chumvi, na maji hayo usiyamwage bustanini. Usiwashike mikono mitupu, hubeba minyoo inayoweza kufika hadi kwenye ubongo wa mtu. Watoto wasiwachezee, na mboga ioshwe sawasawa.

Pembejeo: Dukani utauziwa chambo cha metaldehidi, mara nyingi chembe za buluu. Kinaua kweli, ila mbwa akila naye anakwenda. Ukipata cha chuma fosfeti, hicho afadhali.

Kijana wa Muheza: Fuga bata, wanawala hao balaa.

Jembe Kuukuu: Na mchicha wataula pia 😂 Labda uwaingize kabla hujapanda.

MchichaTanga: Gunia ninalo, naanza leo. Nimefukua chini ya matofali nikakuta mayai ya njano kama punje za mtama, rundo zima!

Bi Mwasiti: Hayo ndiyo ya kukimbilia. Mmoja anaweza kutaga zaidi ya 100 kwa mkupuo. Yaponde yote, usiyatupe jalalani, yataanguliwa huko huko. Na hayo matofali yaondoe, ndiko wanakolala mchana.