Tupeane uzoefu: kona ya sanaa nyumbani ambayo kila mtoto anaifikia mwenyewe

Mama Nuru, Tabata

Habari za leo wapendwa wote mnaolea watoto wa watu majumbani. Naomba hapa tuzungumzie kona ya sanaa tu, yani pale mtoto anapochora, anapopaka rangi, anapofinyanga, maana kwenye vituo vingi nilivyotembelea rangi zimekaa juu ya kabati zinashuka siku mgeni akija, na yule mtoto mwenye ulemavu anawekwa pembeni anaangalia wenzake, au dada anamshika mkono anamchorea af tunasema kachora. Mi hilo linaniuma sana. Kwangu mimi kona inafikika pale mtoto anapokiona kitu, akakifuata, akakichukua na kukitumia bila kuniita.

Kituo changu ni sebule na kibaraza, watoto wa mwaka mmoja na nusu mpaka minne. Fundi alinigongea rafu ya mbao za paleti, ubao wa juu kabisa una sentimita 60 hivi kutoka sakafuni, ni usawa wa kifua cha mtoto wa miaka mitatu, na meza ina 45. Ila hiyo meza peke yake haikumfaa binti mmoja mwenye mtindio wa ubongo, mkono wa kulia umekaza vidole vinajikunja, penseli inamponyoka. Kilichomfaa ni gunzi la mahindi. Unachukua gunzi kavu, unatoboa katikati kwa msumari, unachomeka brashi ikaze, hapo umepata mpini mnene ambao hautelezi hata mkono ukilowa. Kwa wengine nazungushia sponji ya godoro naibana na mpira wa tyubu ya baiskeli. Karatasi naibandika pembe zote nne maana mkono wa pili hauwezi kushikilia, na vikopo vya rangi nimetoboa kipande cha godoro nikavizamisha humo, akivigonga haviangukii upande. Na kabla ya yote hayo, kiti. Miguu iwe imefika chini, mgongo umeegemea, makalio yamerudi nyuma kabisa. Mtoto anayehangaika asianguke hana mkono wa kuchorea, nguvu zote zimeishia kwenye kujishika. Sasa hivi yule binti kwenye kiti chake cha kona anapaka rangi mpaka wenzake wameondoka yeye bado yupo.

Nina na kijana mwenye ualbino. Mwanga mkali unamuumiza na vitu vya mbali havioni vizuri, kwahiyo dirisha linakuwa mgongoni kwake lisimpige usoni, karatasi isiyong'aa, maka pen nene nyeusi, na ubao nimeuegemeza uiname kidogo asikunje shingo. Anasogea mpaka pua inakaribia kugusa karatasi, muacheni, ndivyo anavyoona, wala haharibu macho. Watu wana tabia ya kuwavuta nyuma hawa watoto kila dakika mpaka wanaichukia karatasi yenyewe.

Haya, nyie mmefanyaje? Hasa wenye nafasi ndogo, nataka sana kuwasikia.

Mama Tasha, Kayole

Hapa ndio kwangu sasa. Daycare yangu ni chumba moja ya mabati, futi kumi kwa kumi, na hapo ndani kuna magodoro kwa sababu watoi lazima walale mchana. Meza haiwezi ingia. Kwa hivyo ukuta ndio meza yetu. Fundi wa jua kali alinikatia plywood ndefu akaipaka ile rangi nyeusi ya blackboard, tukaipiga chini kabisa, inaanza sentimita chache tu kutoka sakafu, ndio ata mwenye anatambaa na mwenye anakaa tu afikie chaki. Wakubwa wanachora wakiwa wamesimama. Mama mmoja mwenye anafanya tiba ya mikono hospitalini aliniambia kuchora kwa ukuta kunafanya mabega na kifundo cha mkono kupata nguvu kuliko kuchora kwa meza, na nimeona ni ukweli, kuna kijana alikuwa anashika chaki kama ametegwa na sahii anaishika poa.

Alafu watu wa mabati, mnajua sumaku inashika kwa ukuta? Mimi hubandika karatasi na sumaku kubwa za spika zilizoharibika, zile za mviringo nzito, mtoto anaibandua na kuibandika picha yake mwenyewe bila selotepu. Lakini nasema KUBWA. Zile ndogo ndogo za toys na za milango ya kabati usiwahi leta karibu na watoto, mtoto akimeza mbili zinavutana ndani ya matumbo na hiyo ni upasuaji.

Karatasi nachukua maboksi ya friji kwa duka za electronics, wanatoa bure ukienda jioni.

Bi Rukia, Tanga

Assalaam alaykum wanangu. Mimi nalea wajukuu na watoto wa jirani hapa Ngamiani, na wangu ni wadogo sana, kila kitu kinaingia mdomoni, basi rangi ya dukani kwangu haipiti mlangoni. Napika mwenyewe. Unga wa muhogo kikombe kimoja, maji vikombe vitatu au vinne, unakoroga kwanza kwa maji baridi yasifanye madonge, ndipo unaweka motoni unakoroga mpaka unakuwa kama uji mzito unaong'aa. Ukipoa unagawa kwenye vibakuli unatia rangi. Manjano ya unga inatoa njano kali, bitiruti pinki, mchicha uliosagwa na kukamuliwa unatoa kijani kidogo, kahawa kwa hudhurungi. Choya, yale maua ya juisi, ndiyo tamu yao kuliko zote, maana maji ya choya ni mekundu, ukitia magadi chembe tu yanageuka bluu ya kijani mbele ya macho yao, wanapiga kelele. Hiyo ya magadi nafanya mimi, hawaigusi wala hawailambi.

Uji huu ni wa siku hiyo hiyo, ukilala unachacha. Na chumvi msijaze kwenye ule unga wa kufinyanga kwa watoto wa umri huu, mtoto akiula, chumvi nyingi ina madhara. Manjano inashika nguo kweli, lakini fueni muanike kwenye jua kali, doa linafifia lenyewe.

Anayekaa kitako tu hawezi kunyanyuka namwagia uji kwenye sinia la bati, namwekea mapajani, au anapaka kwa miguu. Miguu nayo ni mikono.

Deo, Singida

Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, mimi chakula sikiweki kwenye michezo na kwenye kituo cha mke wangu tumekataa kabisa. Huku mvua zikikata watu wanapima unga kwa kikombe, mzazi akimleta mtoto asubuhi hajala vizuri akakuta ugali mzima umepakwa ukutani anajisikiaje? Sisi tunatumia udongo wa kichuguu. Unauvunja, unauanika juani siku kadhaa, unachekecha kwa chekeche la mchanga kutoa mawe na majani, af unaloweka. Unashikana vizuri, haupasuki ovyo, na watoto wa huku tangu zamani ndio wanafinyangia ng'ombe na watu wake.

Na hapo ndipo mtoto asiyeona anapokuwa sawa na wengine. Tunaye mmoja, haoni kabisa tangu kuzaliwa. Kumpa penseli na karatasi ni kumpa kitu ambacho hakimjibu, lakini udongo unamjibu. Alifinyanga mbuzi akaweka masikio yakiwa makubwa kuliko kichwa, nikamuuliza mbona makubwa hivi, akasema ndiyo nayashikaga. Nilikaa kimya jamani. Kwa picha za kuchora tunampigia mistari ya gundi na uzi juu yake, ikikauka anafuata kwa vidole, na kila boksi la vifaa limebandikwa kitu halisi nje, kipande cha kitenge kwa boksi la vitambaa, kifuniko cha soda kwa boksi la vifuniko. Boksi halihami sehemu yake. Akimaliza wenzake wanajua lazima lirudi palepale, maana likisogezwa hata hatua moja kwake limepotea.

Bi Rukia, Tanga

Marahaba mwanangu Deo. Umenena, na sina ubishi, kila mtu na kwao. Ila udongo kwa hawa wangu wa mwaka mmoja naogopa minyoo, wanaula. Huo uwe wa wakubwa wanaojua kutema.

Mama Espérance, Louisville

Bonjour ba mama bote. Miye niko Kentucky, Marekani, nilitoka Uvira kule Kongo, nalinda batoto mu nyumba yangu na nina leseni. Huku tuna bahati ya maduka lakini lazima ujue kusoma boksi. Ile alama ya AP ndani ya duara njo inakuambia rangi imechunguzwa na haina sumu. Kuna maandishi mengine ASTM D-4236, watu wengi wanazania ni ile ile, hapana, ile inasema tu boksi limeandikwa hatari zake kama inavyotakiwa. Batoto badogo natafuta AP. Nyie wa Afrika naona boksi nyingi za krayoni zinakuwa na EN71, ile ni kanuni ya Ulaya ya usalama wa toys, na yenyewe tafuteni.

Sasa mimi nina mtoto wa usonji, hapendi kitu cha maji kumugusa mikono, ukimupaka analia mpaka anatapika. Zamani kule kazi niliyofanya walikuwa wanamulazimisha wa namna hiyo eti atazoea. Mimi sikukubali. Natia rangi mbili ndani ya mfuko wa plastiki wa kuziba, natoa hewa, naziba tena na selotepu nzito, nabandika ku dirisha kwa urefu wake. Anasukuma rangi na kidole bila kulowa, anaona zinachanganyika na mwanga unapita. Pembeni kuna kona ndogo yenye pazia, kelele zikizidi anaingia na karatasi yake. Kona ya sanaa bila pahali pa kukimbilia, kwa mtoto kama uyu, haifikike hata kama iko chini vipi.

Baba Ima, Mwanza

Mimi ni fundi seremala na baba wa binti anayetumia kiti cha magurudumu, nachangia upande wa mbao tu. Meza za watoto za kawaida zina ubao wa mbele chini ya uso wa meza, magoti ya mwenye kiti yanagonga hapo anabaki mbali, mikono inaning'inia. Mueleze fundi autoe huo ubao wa mbele, akaze miguu kwa nyuma na pembeni. Pima akiwa amekaa kwenye kiti chake, kutoka sakafuni mpaka juu ya paja, ongeza vidole vitatu hivi, hapo ndipo chini ya meza inaanzia. Mimi huwa nakata na nusu duara mbele, mtoto anaingia meza inamkumbatia, viwiko vinapata pa kupumzika. Ukingo unyanyue kidogo pande zote, krayoni zisidondoke, maana kwake krayoni iliyodondoka ni krayoni iliyokwenda mpaka mtu mzima aje. Msasa mpaka pembe zote zilainike.

Af kuna hili la rangi za mafuta. Kuna ndugu hapa anachora picha za tingatinga alitaka kutupa makopo yaliyobaki, nikamshukuru nikakataa. Marehemu Edward Tingatinga mwenyewe alianza mwisho wa miaka ya sitini na rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadibodi, na ndiyo asili ya ule mng'ao, kazi nzuri sana, lakini ni rangi ya mtu mzima, ina mvuke wa kulevya kichwa na haitoki mkononi bila petroli au tina. Watoto wapeni rangi za maji. Picha zenyewe waonyesheni, tumebandika mbili usawa wa macho yao, wa kwenye kiti pia, na wameanza kuchora ndege wenye madoa.

Dada Saumu, Mbagala

Nimesoma yote jamani asanteni. Swali langu, wazazi wananilalamikia nguo, mmoja kasema mtoto wake asiguse rangi kabisa, na huyo ndo ana mkono mmoja uliokaza na ndo anaipenda kuliko wote. Na maji huku yanakata kila mara. Nafanyaje?

Mama Tasha, Kayole

Pole Saumu. Huyo mzazi mwambie akuje akae saa moja tu aone mtoto wake akichora, usimwelezee kwa simu. Mimi nilifanya hivyo na mama mmoja na sahii yeye ndiye hunipea maboksi. Siku maji haiko tunatumia chaki na udongo mkavu, hatulazimishi rangi.

Mama Nuru, Tabata

Saumu mdogo wangu, maji kwangu ni ndoo yenye bomba imewekwa juu ya stuli fupi, beseni chini, kitambaa kimoja cha kufutia kabla ya kunawa, maana ukifuta kwanza maji yanayotumika ni kidogo sana. Maji machafu namwagia maua. Bomba hakikisha ni lile la kubonyeza au la kugeuza kwa kiganja, la kuzungusha kwa vidole huyo wako hataliweza.

Nguo, omba kila mzazi tisheti moja kuukuu ya baba, kata nyuma yote iwe wazi, shonea kamba shingoni. Na kwa huyo wa mkono uliokaza, unapomvisha anza kuingiza mkono ule uliokaza, taratibu, ukishikilia kiwiko, ndipo mkono mzima ufuate. Wakati wa kuvua ni kinyume, mzima unatoka kwanza, uliokaza mwisho. Ukifanya hivo kila siku utaona ataanza kuunyoosha mwenyewe akikuona umeshika tisheti.