Mba ya usoni: mnaishi nayo vipi? Tupeane uzoefu

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa sita naishi na mba ya usoni, ile inayokaa kwenye mikunjo ya pua, ndani ya nyusi na nyuma ya masikio, ikiacha magamba yenye mafuta na, kwa sisi weusi, mabaka yaliyopauka ambayo watu huyadhania uchafu. Natawadha mara tano kwa siku, na bado nikikuna nyusi unga mweupe hudondokea msahafuni. Kosa langu lilikuwa tyubu ya steroidi kali niliyojinunulia bila kuandikiwa: siku ya tatu uso ulitakata, nikaisifu baraza nzima, lakini baada ya miezi minne ngozi ilikuwa nyembamba, ikiniwaka juani, na kila nilipoiacha dawa mba ilirudi na nduguze. Daktari wa ngozi alinieleza kuwa inahusika fangasi iitwayo Malassezia, ambayo kila mtu anayo na hula mafuta ya ngozi, ila ngozi zetu haziivumilii. Haiambukizi, na hutulizwa tu, kwani hurudi. Aliniandikia shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, ambayo naipaka usoni nimefumba macho, nasubiri dakika tano, kisha nasuuza. Nilianza mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja. Sasa ni mara moja kila wiki mbili. Wenzangu je?

*Jibu kutoka Pangani*

Kaka, mimi ilinilipukia nikiwa ndani, siku chache kabla ya harusi. Somo yangu alinisugua singo kila jioni na kunimiminia mafuta ya nazi, na kadiri magamba yalivyozidi ndivyo alivyozidisha mafuta. Baadaye niliambiwa kuwa mafuta ya nazi huweza kuilisha fangasi hiyo, nikahamia mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Kumweleza somo ndiko kulikonishinda.

*Jibu kutoka Chumbageni*

Wanangu, yangu ilianza ukubwani, ghafla na kwa ukali, uso hadi kifua. Daktari aliponishauri nipime VVU niliona amenivunjia heshima, nikaondoka bila kuaga. Nilirudi baada ya wiki mbili, akanifafanulia kwa upole kwamba wengi huipata mba hii bila virusi, ila inapokuja kwa namna ile kupima ni busara, kwa kuwa kinga ikishuka huwa kali zaidi. Nilikutwa navyo. Nilianza dawa za kufubaza, na ndevu nilizozinyoa kwa aibu nimeziachia tena.