Intaneti moja, kompyuta 22: seva ya Windows, ya Linux, au ruta?

mwalimu_koboko
Salaam ndugu zangu. Nafundisha kompyuta kwenye sekondari moja hapa Koboko, Uganda. Maabara ina mashine 22, zote zimeingia kwenye swichi ya matundu 24, lakini intaneti ni modemu moja ya USB iliyo kwenye mashine yangu. Mwanafunzi akitaka kutafuta jambo hana budi kupanga foleni kwangu. Kuna kompyuta ya zamani ya RAM GB 4 ninayoweza kuigeuza seva, yaani mashine ya kuzihudumia nyingine. Windows ina njia yake ya kugawa, wengine wananiambia Linux na Squid (programu ya kupitishia kurasa za wavuti), wengine ruta ya MikroTik. Bando letu ni dogo, na umeme ukikatika tunabaki na sola. Nichague ipi?

fundi_gulu
Mwalimu, ya Windows ni rahisi kuifunga. Unaweka alama moja tu kwenye mipangilio ya muunganisho, mashine inajipa anwani ya mtandao 192.168.137.1 na kuwagawia wengine zao. Nimeifunga kwenye duka la kompyuta tano na wameridhika. Kwa 22 siishauri. Huwezi kumpunguzia kasi anayevuta video, na siku mashine hiyo ikijiwasha upya ili isasishwe, darasa zima limekwama.

dada_mbale
Naunga mkono Linux. Ruhusu data ipite kwa mpangilio wa ip_forward, weka kanuni ya MASQUERADE (inayofanya mashine zote zitoke kwa anwani moja) upande wa modemu, upande wa swichi ipe seva anwani kama 192.168.10.1, kisha programu ya dnsmasq igawe anwani na kujibu DNS, yaani kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Kwa kazi hiyo RAM GB 4 inatosha.

Kuhusu Squid nisikufiche. Zamani ilikuwa inaokoa bando kwelikweli: ukurasa ukishafunguliwa na mmoja, wengine wanaupata kutoka kwenye diski ya seva. Leo karibu kila tovuti ni HTTPS, yaani data yake husafiri ikiwa imefichwa, na Squid haioni kilichomo ndani, kwa hiyo haiwezi kukihifadhi. Bado nayatumia mambo yake mawili: kufungia tovuti kwa majina yake, na kugawa kasi ili mmoja asiwamalize wenzake. Kuokoa bando kwa kuhifadhi kurasa, usitegemee.

kasese_waya
Dada umesema vizuri, ila amesema sola. Tupige hesabu. Kompyuta ya mezani inayokula wati 80 kwa saa 9 za shule ni Wh 720 (wati mara saa). Ruta ndogo ya wati 5, hata ukiiacha usiku na mchana, ni Wh 120. Na RouterOS, programu iliyo ndani ya ruta za MikroTik, inampa kila mwanafunzi jina, neno la siri na kiwango chake cha MB, kikiisha anakatwa. Angalia tu kwanza kama ruta ina tundu la USB na kama modemu yako inakubalika nayo, maana si zote zinazokubaliana.

mwalimu_koboko
Wh 720 ni nyingi kwa betri zetu. Lakini kuna jambo linaniumiza: niliwahi kuwafungulia mashine sita tu, bando likaisha kabla ya saa sita mchana, na watoto walikuwa wanaandika barua pepe!

dada_mbale
Si watoto, mwalimu wangu. Ni Windows kwenye mashine hizo, kila moja inashusha masasisho yake. Nenda kwenye kila mashine, uweke muunganisho kuwa wa kulipia kwa kipimo (metered). Siku ya kusasisha, ondoa alama hiyo na uwashe ile njia ya kupeana masasisho kati ya kompyuta za mtandao mmoja, ili zikikutana kwenye swichi zigawane. Ukiruka hatua hii, uweke seva au ruta yoyote, bando litakuishia vilevile.

mzee_wa_arua
Vijana mmemaliza, naongeza moja. Msiwe na wagawaji wawili wa anwani kwenye swichi moja. Nilitafuta kosa hilo siku mbili kwenye kituo kimoja: nusu ya mashine zilipata anwani za ruta, nusu za seva, na zile za ruta zilipita bila kuzuiwa na chochote. Ruta ikigawa, zima DHCP (huduma ya kugawa anwani) ya seva.

Na hiyo kompyuta ya zamani usiitupe, mwalimu. Iwekee Kiwix yenye Wikipedia, na Kolibri kwa masomo; zote ni programu za kusoma bila intaneti. Faili zake ni kubwa, kwa hiyo zichukue mjini kwa diski. Iwashe wakati wa kipindi tu. Mtoto anayetafuta mzunguko wa damu atausoma hapo hapo kwenye swichi bila kugusa hata MB moja ya bando.

kasese_waya
Hapo kwa mzee nasimama naye. Ruta igawe intaneti, seva ibebe masomo.

mwalimu_koboko
Asanteni sana. Jumamosi naanza na masasisho kwenye mashine zote 22, hilo halihitaji fedha. Ruta nitaiombea kwa mkuu wa shule nikiwa na hesabu ya Wh mkononi. Mzee, nikija Arua na diski ya TB 1, je, nitaweza kunakili kwako?

mzee_wa_arua
Njoo asubuhi, kunakili kunachukua saa nyingi.