Kuna mtu anayepandisha kila mkono: nikae kushoto kwake au kulia?

Kopa_Saba
Wakuu habari zenu. Naomba tulinganishe viti viwili, maana jambo hili limenisumbua wiki nzima. Nacheza poka ya Texas Hold'em, siyo mashindano, meza ya watu 9, blaindi (madau ya lazima kabla ya karata kugawiwa) 1 na 2. Pale mezani kuna jamaa anayepandisha karibu kila mkono, na akishapandisha haachi kuweka dau. Nilipofika viti viwili vilikuwa wazi, kimoja kulia kwake na kimoja kushoto. Nikachagua kulia, nikisema nitamtega: mimi napita (siweki dau wala situpi karata), yeye anaweka dau, halafu nampandishia.

Sikilizeni kilichotokea. Nina A-J, wote wametupa hadi kwangu. Nikapandisha hadi 6. Yeye, anayefuata baada yangu, akapandisha hadi 20. Wengine wakatupa, nikafuata. Poti (jumla ya madau mezani) ikawa 43. Karata tatu za mwanzo za pamoja mezani: J-8-4, mbili za kopa. Nikapita, akaweka 30, nikafuata. Karata ya nne ikaja 9 ya kopa. Nikapita tena, akaweka 80 bila hata kuangalia karata zake. Nikakaa pale na jozi ya juu, sijui kama ana flushi (karata tano za aina moja), sijui karata ya tano atataka kiasi gani. Nikatupa. Akafunua A-5 za shupaza, hana hata jozi.

Je, kosa ni langu au ni la kiti?

Mzee_wa_Batani
Ndugu, kiti. Hapa sina wasiwasi hata kidogo. Mtu wa namna hiyo unataka awe kulia kwako, yaani wewe ukae kushoto kwake. Zamu inakwenda kushoto, kwa hiyo akiwa kulia kwako atafanya uamuzi kabla yako. Fikiria A-J yako ileile ukiwa kushoto. Yeye anaanza kwa kupandisha hadi 8. Wewe umeshaona. Unapandisha hadi 24, wanaobaki wanaogopa kuingia katikati ya watu wawili wanaopandishiana, wanatupa, na sasa mmebaki wawili. Kila raundi yeye anasema kwanza. Akipita, unaamua kama poti ikue au ibaki ilivyo. Akiweka dau, unajua bei kamili kabla hujatoa chipu hata moja.

Ukiwa na karata mbili zisizo jozi, karata tatu za mwanzo zinakupa walau jozi takriban mara 1 tu kati ya 3. Kwa hiyo mara nyingi nyote wawili mmekosa, na anayesema mwisho ndiye anayejua mwenzake amekosa. Mwenzangu, wewe uliyesema kwanza ulikuwa unacheza gizani kwa raundi tatu.

Bi_Shupaza
Naomba kutofautiana na Mzee, kwa heshima. Kushoto ni kuzuri, nakubali, lakini kulia hakujatendewa haki hapa. Kopa_Saba hakukitumia kiti alichokuwa nacho. Ukikaa kulia kwa mpandishaji, usipandishe wewe. Ukipandisha, umejiweka katikati.

Mfano wangu: nina 7-7, naingia kwa 2 tu. Jamaa wa kushoto kwangu anapandisha hadi 10, kama kawaida yake. Watu wawili wanamfuata, blaindi zote mbili zinatupa. Zamu inanirudia mimi, na mimi ndiye wa mwisho kabisa. Mezani kuna 35, natakiwa kuongeza 8. Hakuna aliyebaki nyuma yangu wa kunipandishia. Saba ya tatu hutokea katika karata tatu za mwanzo takriban mara 1 kati ya 8, na ikitokea napita tu. Yeye anaweka dau, wale wawili wanajibu mbele ya macho yangu, halafu ndipo nazungumza. Hapo mwisho wa meza ni mimi, hata kama batani (alama ya mgawaji, ambaye kwa kawaida husema mwisho) iko kwa mtu mwingine.

Mwenye 7-7 aliye kushoto kwake anatoa 10 nzima huku watu kadhaa wakiwa bado hawajasema. Mmoja akipandisha hadi 50, 7-7 inakwenda na maji pamoja na zile 10.

Kopa_Saba
Bi Shupaza, hilo la kusema mwisho bila batani sikuwahi kulifikiria. Lakini ina maana nikiwa kulia nicheze karata chache tu?

Bi_Shupaza
Ndiyo. Jozi, karata za juu kabisa, na zile za aina moja zinazofuatana. A-J kama yako, kukiwa na huyo mtu anayekufuata, mara nyingi mimi naitupa.

Hesabu_Kwanza
Wadau, nimekaa na karatasi. Hoja ya Bi Shupaza ni sahihi, ila tazameni inahusu mikono mingapi.

Jamaa akiwa kulia kwako, baada ya karata tatu za mwanzo atasema kabla yako kila mkono, isipokuwa ule ambao batani iko kwake yeye. Hapo wewe ni blaindi ndogo, unasema kwanza. Meza ya watu 9 ni mikono 8 kati ya 9 unayomwona kabla hujaamua. Mkigeuza, wewe ukiwa kulia kwake, ni mkono 1 tu kati ya 9, ule ambao batani ni yako. Kiti ukishakichagua, tofauti hiyo unaibeba usiku kucha.

Mtego wa kulia unahitaji mambo matatu: uwe na karata nzuri, yeye apandishe, na watu wengine wafuate. Kama meza inamwogopa na kutupa, mnabaki wawili, na mkiwa wawili hivyo, mwisho wa meza unaurudisha kwake. Nakubali kulia kunalipa pale wengine wanapopenda kufuata. Kopa_Saba, je, hao wengine 7 wakoje? Hukutuambia.

Kopa_Saba
Wengi wanatupa akipandisha. Wawili ndio wanafuata mara kwa mara. Mmoja wa hao yuko mbali, upande wa pili wa meza.

Hesabu_Kwanza
Basi kushoto.

Kiti_cha_Kura
Kwetu wa mashindano mjadala huu ni mfupi. Viti tunapewa kwa kura, hatuchagui. Na ukibaki na chipu za blaindi kubwa 10, zinaingia zote kabla ya karata tatu za mwanzo, kwa hiyo kusema mwisho baadaye hakukusaidii. Kinachobaki ni idadi ya watu ambao hawajasema nyuma yako.

Mzee_wa_Batani
Niongeze jambo ambalo watu hulisahau. Mnamwangalia mpandishaji peke yake. Mimi nikiingia chumbani huangalia kwanza wawili watakaokuwa kushoto kwangu, kwa sababu batani ikinifikia hao ndio blaindi. Wakiwa waoga, wengine wote wakishatupa, napandisha hadi 5 kuchukua zile 3 za blaindi. Bila kuhesabu karata zangu, inatosha watupe mara 5 kati ya 8 nirudishe gharama, na waoga hutupa zaidi ya hapo. Wakiwa wabishi, batani yangu imepungua thamani nusu. Kwa hiyo Kopa_Saba, kiti cha kushoto kwa jamaa kina faida mbili kama jirani yako wa upande wa pili ni mtulivu. Akiwa naye ni mpandishaji, utabanwa katikati, na hapo afadhali meza nyingine.

Ila Bi Shupaza, ile ya 7-7 nimeisoma mara mbili. Mimi ningepandisha pale, na sasa naona ningeipoteza bei nzuri.

Kopa_Saba
Nimerudi na majibu. Jana kiti cha kushoto kwake kilipoachwa wazi niliomba kuhama. Jirani wa kushoto ni mtulivu, anatupa sana.

Baada ya saa moja nikapata A-J tena. Akapandisha hadi 8, nikapandisha hadi 24, wote wakatupa, akafuata. Poti 51. Karata tatu za mwanzo 10-6-3, aina tofauti. Akapita. Zamani ningepiga mkwara hapohapo. Nikapita nami, bure. Karata ya nne J. Akaweka 30, nikafuata. Karata ya tano 2. Akaweka 60, nikafuata. Alikuwa na K-6. Poti ya 231 nikaivuta kwangu.

Bi_Shupaza
Hongera sana. Na ile mikono ambayo batani ilikuwa kwake ulifanyaje?

Kopa_Saba
Nilikuwa blaindi ndogo, dada yangu. K-9 nilitupa. Q-8 nilitupa. Mara moja nilipata 10-10, akapandisha hadi 8, nikapandisha hadi 30, akatupa.