Kikundi cha ukoo: kifua cha Mama Mdogo

Zuhura 19:04
Hamjambo wote, shikamooni wakubwa. Mama Mdogo kaambiwa mishipa ya moyo ni safi, hakuna palipoziba. Kapewa dawa ya tumbo na kuambiwa apunguze mawazo. Jana kifua kikambana tena akipanda ngazi, akakaa chini katikati. Alhamisi anarudi na hataenda peke yake. Nani anampeleka?

Zuhura 19:31
Tiki za bluu naziona.

Hamisi 19:40
Si wamesema safi? Tumshukuru Mungu.

Zuhura 19:43
Safi ni ile mikubwa, Hamisi. Ile picha ya kupitisha mpira mkononi haionyeshi mishipa midogo, ya chini ya nusu milimita, na hiyo ndiyo inayogawa damu ndani ya nyama ya moyo. Ikigoma kutanuka, moyo unakosa damu ukifanya kazi, na picha inatoka nzuri tu. Hali hii inawapata zaidi wanawake.

Idi 19:44
Yaani barabara kuu nyeupe, foleni iko vichochoroni 😂

Hamisi 19:45
😂😂 waziri wa barabara huyo

Mama Mkubwa Mwajuma 19:47
Idi na foleni! Aliyechelewa harusi yake mwenyewe

Idi 19:47
Mama Mkubwa jamani 🙈

Zuhura 19:49
Mtu anaumwa.

Mjomba Omari 19:58
🎤 Ujumbe wa sauti (2:14)

Zuhura 20:01
Mjomba niko kazini, niandikie.

Mjomba Omari 20:09
Nimesema ugonjwa wa moyo unajulikana. Kifua, mkono wa kushoto, jasho. Yeye analalamikia mgongo, taya na kuchoka. Huo si moyo.

Zuhura 20:14
Kifua kubana ndiyo dalili kubwa kwa wote, mke kwa mume. Ila wanawake mara nyingi huongezea na hayo: pumzi kukata, kichefuchefu, taya, mgongo, uchovu. Wakianza na hayo wanaandikiwa tumbo au wasiwasi. Mwaka 1991 Dk. Bernadine Healy wa Marekani aliandika kwamba mwanamke hutibiwa sawa na mwanaume pale tu anapothibitisha kuwa moyo wake unaumwa kama wa mwanaume. Na sisi bado tuko hapo hapo.

Mama Mkubwa Mwajuma 20:20
Omari, usiku ule ulipobanwa wewe nani alikwambia ni tumbo? Ukoo mzima ulilala hospitali. Na hela ya kiwanja ikatoka bila kikao.

Mjomba Omari 20:22
Hilo tulilimaliza mbele ya marehemu.

Mama Mkubwa Mwajuma 20:22
Mlilimaliza nyinyi.

Hamisi 20:24
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Mdogo 20:31
Msigombane kwa ajili yangu wanangu. Nimepumzika, kimeachia.

Zuhura 20:33
Mama, kuachia ukipumzika ndiyo moyo wenyewe unavyosema. Moyo wa mwanamke kwa kawaida hupitisha damu nyingi kuliko wa mwanaume hata akiwa ametulia, kwa hiyo akiba ya kuongeza kwenye ngazi ni ndogo. Na kikibana kisiachie, hakuna kungoja Alhamisi, ni dharura saa hiyo hiyo.

Bibi 20:52
Mimi ndiye niliyemzaa. Mimba ya mwisho presha ilimpanda, uso ukavimba, mtoto akatolewa kabla ya siku zake. Daktari ameambiwa? Omari, utampeleka wewe.

Mama Mkubwa Mwajuma 20:53
🙏

Mjomba Omari 21:05
Shikamoo Mama. Nimesikia. Alhamisi nina safari ila nitaangalia.

Zuhura 21:08
Shikamoo Bibi, hilo sikuwa nalijua na ni kubwa. Presha ya mimba huongeza hatari ya moyo miaka mingi baadaye. Liandikwe kwenye faili. Na aulizwe kuhusu kipimo cha PET au MRI cha kupima damu inavyopita moyoni akiwa ametulia, kisha moyo ukiwa umechochewa kwa dawa. Asikubali kurudi na ya tumbo tu.
Mjomba, utaangalia au utakwenda?

Zuhura 21:40
Mjomba?

Zuhura 22:02
Hamisi kaa tayari.

Hamisi 22:15
Mimi tena? Bibi kasema Mjomba.

Rashidi 23:16
Ndo nasoma. Alhamisi hii au ijayo?