Mpango wa maafa unabadilishwa tarehe ya jalada tu, halafu mnatuambia "umehuishwa"?

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Juzi baada ya mvua kubwa nilitafuta mpango wa maafa wa eneo letu. Jalada lina tarehe mpya kabisa. Nikafungua ukurasa wa simu za dharura, nikapiga moja baada ya nyingine. Ya kwanza haipatikani. Ya pili akapokea mzee mmoja mstaarabu: "Mwanangu, mimi nilishastaafu, tena siku nyingi." Zilizobaki ziliita mpaka zikakatika. Uwanja ulioandikwa kuwa ndio mahali pa kukimbilia mafuriko yakija umeshajaa nyumba, na watu wanaishi humo.

Nikaenda kuuliza. Jibu: "Utaratibu ni kila miaka mitano, bado hatujachelewa."

Miaka mitano ni mwisho wa kuvumilia, jamani, haina maana mlale mpaka ifike! Marekani wana huo huo ukomo wa miaka mitano kwa mipango ya serikali za mitaa ya kupunguza athari za maafa, na ukipita bila mpango kuidhinishwa upya, eneo linakosa sifa ya kupata baadhi ya fedha za serikali kuu. Lakini mpango wenyewe lazima ueleze utafuatiliwa na kutathminiwa vipi ndani ya hiyo miaka. Japani, sheria yao ya mwaka 1961 inataka mpango mkuu wa taifa uangaliwe upya kila mwaka.

Na hata Japani waliumia pale taarifa mpya ilipowekwa kando. Kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kilijiandaa kwa tsunami ya mita 5.7. Mwaka 2008 hesabu za ndani za kampuni iliyokiendesha zilionyesha maji yanaweza kufika mita 15.7. Kinga haikubadilishwa. Machi 2011 yakaja mawimbi ya mita 14 hivi, majenereta yakazama, mitambo ikakosa ubaridi. Miaka mitatu walikuwa nayo hiyo hesabu mkononi!

Kwa hiyo msinijibu kwa kalenda. Namba za simu na sehemu za kukimbilia zihakikiwe kila baada ya miezi mitatu. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja na simu yake, haihitaji mshauri mwelekezi wala semina. Kila mwaka lifanyike zoezi la kweli, watu watembee hiyo njia kwa miguu. Likitokea janga, au likijengwa daraja, bwawa, mtaa mpya, mpango ufunguliwe hapo hapo. Kuandika upya wote, sawa, miaka mitano.

Mnaofanya kazi kwenye ofisi hizi, nijibuni: ni cheo gani hasa kinachowajibika kuhakiki zile namba? Maana yule mzee mstaafu aliniuliza nimepatwa na shida gani, na kama kuna watu wamezingirwa na maji. Kwenye orodha nzima, yeye peke yake ndiye aliyepokea.